Nilipewa Likizo ya Kumuuguza Mume, Sasa Naona Haya Kuomba Iliyo Yangu

Mpendwa Mama Mshauri,

Kama umenizidi umri, shikamoo, na kama ni mimi niliyekuzidi basi marahaba, yote sawa, mradi unisikilize mpaka mwisho, maana jambo langu nikilieleza nusu watu wanacheka na nikilieleza lote nashindwa kumaliza kwa machozi. Naomba msaada. Ukurasa wako tunausoma kila wiki wakati wa chai, mmoja anasoma kwa sauti na wengine tunatoa hukumu midomo imejaa mkate, kwa hiyo najua kabisa hata hii itasomwa mbele ya watu hao hao ninaowaandika, nao watanitambua kabla ya mstari wa tatu. Liwalo na liwe.

Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ya elimu ya wilaya. Chumba changu ni kile cha katikati, mtu hawezi kumwona mkuu wa ofisi bila kupita mbele ya meza yangu, na dirisha langu linatazama uani ambako madawati mabovu ya shule zote yanasubiri fundi. Walimu wanaofuatilia uhamisho wananijua, walimu wakuu wanaotafuta saini wananijua, na wazazi waliokasirika wananijua zaidi, maana hasira zao wanazimalizia kwangu, kwa mkuu wanafika wamepoa. Kazi yangu naipenda, sitaki kukudanganya. Nimeifanya miaka mingi na sijawahi kuamka asubuhi nikaichukia.

Mwaka jana mume wangu, ambaye ni fundi umeme, alianguka kutoka kwenye ngazi akifunga taa ukumbini, akavunjika nyonga, na Mama Mshauri, mwanamume aliyevunjika nyonga ni mtoto mchanga mwenye ndevu, hageuki bila wewe, haogi bila wewe, na kununa anakununia wewe. Nikachukua likizo yangu ya mwaka yote, ikaisha naye bado yuko kitandani hospitalini. Nikarudi kazini siku moja tu, nikachapa barua moja mara tatu na mara zote tatu nikakosea jina la shule, mkuu akatoka ofisini kwake, akaiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, nenda kamwangalie mzee. Haya mengine niachie."

Kumbe alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya fedha ya wilaya akaniombea likizo ya nyongeza yenye malipo, nikapewa. Karani wa masjala, ambaye kazi zake tu zimemfika shingoni, akabeba na usajili wa mitihani uliokuwa wangu. Mhasibu wetu tunamwita Mkasi, kwa sababu hujawahi kumpelekea ombi la wino wa printa akakurudishia likiwa zima, lakini huyo huyo Mkasi ndiye aliyechimbua kwenye bajeti lile fungu la kuwalipa wanaoshika nafasi za walio likizo, akamwita mama mmoja mjane aliyestaafu ukatibu muhtasi, naye tunamwita Mstaafu, akaja akakaa kwenye kiti changu. Mhudumu wa ofisi akawa anapitia hospitali na chupa ya chai, anakaa kidogo, anatoa umbea wote wa ofisi kwa pumzi moja, anaondoka. Mshahara wangu haukupungua hata senti. Mume wangu akatibiwa, akafanyishwa mazoezi, leo anatembea kwa fimbo na ameanza kunigombeza tena, ndipo nikajua amepona. Kila nikimwona anavuka chumba kwenda kufungua dirisha mwenyewe nasema Mungu awabariki watu wale.

Siku niliporudi kazini nilikuta meza imefutwa, mafaili yamepangwa vizuri kuliko ninavyoyapanga mimi, na wote wamesimama mlangoni wananitazama, Mkasi, karani, mhudumu, mkuu mwenyewe, Mstaafu kashika mkoba wake tayari kuondoka. Wananisubiri niseme kitu. Nilitaka kuwashukuru, Mungu anajua nilitaka, lakini nikachukua trei ya vikombe vichafu nikaenda kuviosha.

Sasa sikia balaa. Kikaja kikao cha bajeti, na vikao vya bajeti mwandishi wake ni mimi. Tukafika kwenye gharama za likizo za watumishi wa utawala, diwani mmoja wa sauti nzito akauliza mbona zimepanda, walimu angalau wanafundisha, hawa wa ofisini wanalipwa kwa kulala nyumbani, tena juu yake analipwa mwingine wa kukalia kiti, "Kiti kimoja, malipo mawili!" akasema, na watu wakacheka. Hakujua kwamba mwenye kiti ni mimi. Nimekaa pembeni ya mwenyekiti, kalamu mkononi, naandika, yaani niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mjumbe alihoji gharama, na gharama yenyewe ni mimi. Mkuu akasimama kujibu. Hakunitaja, alisema tu kwamba kuna mtumishi aliyekuwa na mgonjwa, wajumbe wakamgeukia yeye, wakamuuliza kama ofisi ya elimu imekuwa zahanati, mtu mzima anajibu huku anajifuta jasho, na mimi nainamisha kichwa naandika tu. Pale pale niliapa moyoni kwamba mtu huyu hatasimama tena mbele za watu kwa ajili yangu.

Tangu hapo sijachukua likizo. Jina langu lilikuwepo kwenye ratiba, mwezi wangu ukafika, nikaahirisha, nikaahirisha tena. Nafika wa kwanza, natoka wa mwisho, simu ya masjala ikilia napokea mimi, barua za Mkasi nachapa mimi hata asiponiomba, vikombe naosha mimi. Mpaka mhudumu siku moja akanishika mkono pale kwenye sinki, akaniambia, "Mama, samahani, ukinioshea hivi vikombe kila siku mimi nitaambiwa nalipwa kwa kazi gani?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Halafu juzi Mkasi akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akavua miwani, na Mkasi akivua miwani ujue kuna mtu anaumia. Akaniambia, "Unajua kwamba wewe ndiye mtumishi ghali kuliko wote humu ndani?" Nikadhani anatania. Akanieleza kwamba likizo nisiyoichukua haipotei, inabaki kwenye vitabu kama deni ambalo wilaya yenyewe inatakiwa kunilipa, na kila ninavyoahirisha yeye analivusha kwenda mwaka mwingine na wakaguzi wanamuuliza. Sio hilo tu. Lile fungu la kumlipa Mstaafu mwaka huu halijaguswa kwa sababu karani naye aliona haya kwenda likizo wakati mimi siendi, na kamati ikiona fungu halikuguswa inalifuta. Na yule diwani, yule yule, amekwisha kusema kwenye kikao ambacho sikuandika mimi, "Mbona katibu muhtasi wa elimu haendi likizo na kazi zinakwenda? Basi likizo hazina umuhimu, tuzipunguze." Nikamuuliza Mkasi, "Na Mstaafu?" Akasema, "Anapita getini kila mara anauliza kama kuna anayekwenda likizo. Nilikuwa nakuficha." Mama Mshauri, yule mama aliniokoa, na mimi kwa kumshukuru nimemfungia mlango. Nilikwenda chooni nikalia mpaka karani akaja kugonga.

Utasema basi chukua likizo, si yameisha? Hayajaisha. Kifunguamimba wangu, binti yangu, ameolewa mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, ana mimba ya kwanza na mwezi ujao anajifungua. Mumewe kazi yake ni ya kusafiri. Tangu miezi michache iliyopita ananiuliza kama nitakuwepo na mimi namjibu ngoja nione kazini. Wiki iliyopita akaniambia kwa sauti ya upole sana, ile ya mtu aliyekwisha kukata tamaa lakini hataki kukuumiza, "Mama, usijisumbue. Mama mkwe amesema atakuja yeye." Nikamwambia afadhali. Nikakata simu, mume wangu akaniuliza, "Hivi umeolewa na mimi au na ile ofisi?"

Nataka kwenda. Usiku na mchana nataka kwenda. Lakini kila nikifika kwenye mlango wa mkuu naliona lile jasho lake, nasema nitamwendeaje tena mtu huyu, nimtie tena midomoni mwa watu, waseme yule wa kiti kimoja malipo mawili kaondoka tena? Nisipokwenda namkosesha Mstaafu na ninamkosa binti yangu. Nikienda naona kama ninawatemea mate watu walionibeba. Naomba unishauri, na kama ni kunigombeza nigombeze, nimezoea.

Ni mimi,
Katibu muhtasi mwenye haya

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwenye haya,

Marahaba. Nimekuzidi, tena kwa mbali, kwa hiyo leo utakaa kimya uambiwe.

Kwanza nikupe haki yako. Barua zinazofika mezani kwangu ni za watu walioibiwa, waliosengenywa, walioachwa. Yako ni ya mtu aliyetendewa wema mpaka akachanganyikiwa. Niliisoma mara mbili kwa raha. Mkuu wa ofisi anayetoka jasho kwa ajili ya mtu wake, mhasibu anayetafuta pesa badala ya kuzificha, mhudumu anayebeba chai hospitalini bila kutumwa: hao wako wapi, na mimi nije kuomba kazi? Una kila sababu ya kushukuru, na mume wako akivuka chumba kwa fimbo yake endelea kuwaombea baraka. Hapo hatugombani.

Tunagombana hapa. Umechukua vitu viwili ukavitia sufuria moja. Ile likizo ya nyongeza ya mwaka jana ilikuwa wema, watu walikuombea na kamati ikakubali. Ishukuru maisha yako yote ukipenda. Likizo ya mwaka huu si wema wa mtu yeyote. Umeifanyia kazi, imepangwa kwenye bajeti kabla mwaka haujaanza, ni yako kama mshahara wako ulivyo wako. Mwisho wa mwezi unaingia kwa mkuu ukisema samahani bosi, najua mwaka jana ulinisaidia, naona haya kupokea mshahara? Huingii. Unapokea na unakwenda sokoni. Sasa haya ya likizo umeyatoa wapi?

Yule diwani msamehe na umsahau. Swali lake lenyewe si baya, fedha za shule ni fedha za watoto, na anayezisimamia lazima aulize zinakwenda wapi. Aulize, na Mkasi amjibu, ndiyo kazi anayolipwa. Lakini umeona mwenyewe: ulipokwenda likizo alisema unalipwa kwa kulala, usipokwenda anasema likizo hazina maana. Huyo hata ukihamia ofisini na godoro atauliza nani amelipia godoro. Nani alikutuma wewe uiokoe bajeti ya wilaya nzima kwa kutokupumzika? Tena hata kuiokoa hukuiokoa. Umeiongezea deni.

Na hapa vumilia kidogo, nitakuchoma. Ulipokuwa unaosha vile vikombe, hukuwa unawashukuru. Ulikuwa unakimbia. Mtu akishukuriwa anapata kitu mkononi, na niambie nani kati ya hao amepata kitu kutoka kwako mwaka huu. Mhudumu umemtia wasiwasi wa kazi yake. Karani amekosa likizo kwa kukuonea aibu. Mkasi anavushavusha deni lako mbele ya wakaguzi. Mstaafu, mama wa watu, anapita getini na kurudi alikotoka. Nimetafuta katika barua yako yote mahali ulipofungua mdomo ukawaambia watu hawa asante, sijapaona. Nimeona trei tu. Walisimama wote mlangoni wanakusubiri, nawe ukaenda kwenye sinki, na kwa kadiri ninavyojua bado wanasubiri.

Kwa hiyo utawaambia leo. Umesema mnanisoma wakati wa chai, vizuri sana, chai yenyewe ndiyo hii. Weka gazeti chini, simama, mtazame mmoja mmoja usoni, umwambie alichokufanyia na umwambie asante. Usifanye hotuba. Ukilia, lia huku unaongea. Na nyie wengine mliokaa hapo mnatafuna, msimkatize kwa kumwambia hakuna neno, hakuna neno. Lipo neno. Mwacheni alimalize, amelibeba muda mrefu.

Ukishamaliza, ingia kwa mkuu. Usimwendee kama mwombaji, mwendee kama katibu wake. Mpelekee fomu imejazwa, umwambie tarehe za kuondoka na za kurudi, na umwambie kwamba binti yako anajifungua. Mtu aliyekwambia nenda kamwangalie mzee hatakuuliza mara mbili. Kama una wasiwasi nani ataandika mihtasari ya vikao, mwambie Mkasi amwite Mstaafu siku chache kabla hujaondoka, umkabidhi kazi kwa utulivu, na yeye alipwe siku hizo pia. Kumpa mama huyo kazi ndiyo asante yake, wala haitaki shairi. Na ratiba ya karani ifuate mara tu utakaporudi, umsukume wewe mwenyewe. Fungu likiguswa halifutwi. Hilo mhasibu wako amekwambia kwa lugha nyepesi, na nadhani alivua miwani kwa sababu alikuwa anakuhurumia.

Ukiwa likizo, ole wako upige simu ofisini kuuliza faili liko wapi. Kazi itakuwa na mwenyewe. Na ukirudi, vikombe mwachie mwenye vikombe vyake.

Mume wako usimfanye kisingizio, hakukuomba ubaki, tena nimempenda kwa lile swali lake. Kilichovunjika ni nyonga, mikono anayo miwili. Mwachie unga, mafuta na jirani wa kumchungulia.

Sasa binti. Mpigie kabla hujatoka kazini leo, usingoje ufike nyumbani ukaanza kujifikiria upya. Usimweleze habari za kamati, mafungu na madiwani, hazimhusu. Mwambie unakuja na basi la lini. Mkwe mwenzio naye mpigie umshukuru kwa moyo mzuri, mwambie wiki zako zikiisha zake zinaanza, mtoto mchanga ana kazi ya kuwatosha mabibi wawili. Usigombanie mjukuu ambaye hata hajafika.

Ile "usijisumbue" uliyoambiwa kwenye simu, usiichukue kama ruhusa. Binti yako alikuwa anakurahisishia, kama wewe unavyowarahisishia watu wote isipokuwa yeye. Hakukuomba pesa, hakukuomba zawadi, alikuomba uwepo. Wodi inaweza kuwa na wauguzi wema, inaweza kuwa na mama mkwe mwenye mapenzi, lakini anayejifungua kwa mara ya kwanza, uchungu ukimkolea, atageuza uso autazame mlango. Uwe umeshaingia.